Mwenye Pasipoti Akae Mbele ya Kompyuta

Katika mitaa ya Mombasa, familia nyingi hukutana na fomu ya viza kwa mara ya kwanza pale ugonjwa unapoingia nyumbani. Daktari wa hapa amekwisha kusema kwamba moyo huu, figo hizi au uvimbe huu unahitaji hospitali ya India. Ndugu wamekwisha kuchanga. Hospitali ya Chennai, Ahmedabad au Mumbai imekwisha kutuma barua ya kumkubali mgonjwa. Hapo ndipo pasipoti hukabidhiwa kijana wa ukoo anayejua kompyuta, au hupelekwa saiba, yaani duka la intaneti, au hupewa wakala, naye mgonjwa hubaki nyumbani akingoja kuambiwa kwamba mambo yametengenea. Ninaandika makala haya kuipinga desturi hiyo. Ninaamini kwa dhati kwamba mwenye safari hana budi kukaa mbele ya kompyuta wakati fomu yake inapojazwa, asikie kila swali na ajue ni jibu gani limeandikwa kwa jina lake, hata kama ni mzee, hata kama hasomi, na hata kama kukaa kitako kwa muda kunamchosha.

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kutayarisha hati za mizigo katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa mjini, na tangu nistaafu, watu wa ukoo na wa mtaa huniletea fomu zao. Kazi ya bandarini ilinifunza kwamba kontena huweza kukaa Kilindini likila gharama za kila siku kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa katika hati, wala hakuna mtu wa kumlaumu isipokuwa aliyetia sahihi. Fomu ya viza ina tabia hiyo hiyo. Mwisho wake kuna tamko ambalo mwombaji anathibitisha kwamba aliyoyaeleza ni kweli kwa kadiri ajuavyo, na tamko hilo ni lake yeye, si la mpwa wake wala si la kijana wa saiba.

India ilianza kutoa idhini ya kuingia nchini humo kwa njia ya mtandao mwishoni mwa Novemba 2014, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo, na Aprili 2017 mpango huo ukapanuliwa na kugawanywa, ikawapo viza ya kielektroniki ya utalii, ya biashara na ya matibabu. Bahari iliyo kati ya Mombasa na Gujarat ilikuwa imepitwa na majahazi kwa karne nyingi, yakija na kaskazi na kurudi na kusi, na ukaribu huo haujatoweka: India ina afisi ya Balozi Msaidizi papa hapa Mombasa. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa leo njia ya mtandao ndiyo nyepesi, kwa kuwa pasipoti haitoki mkononi mwake na hakuna foleni ya kupanga. Sisi wenyewe tumewafanyia wageni wetu mfano wa jambo hilo, kwani tangu Januari 2024 wageni wengi wanaokuja Kenya huomba idhini ya usafiri ya kielektroniki kabla ya kupanda ndege.

Wepesi huo una upande wake wa pili. Zamani, mwombaji aliyefika dirishani alitazamana na karani, na karani akiona jambo halieleweki alimwuliza papo hapo. Katika fomu ya mtandaoni hakuna wa kuuliza. Kompyuta hukataa sehemu iliyoachwa wazi, lakini haiwezi kutambua kwamba mji wa kuzaliwa wa babako umebuniwa. Kwa hivyo kazi yote ya kuhakiki, ambayo karani na mwombaji walikuwa wakigawana, sasa imebaki juu ya mwombaji peke yake, na ndiyo sababu nasisitiza awepo.

Kabla ya fomu yenyewe kuna jambo la anwani ya tovuti. Mtu anayetafuta viza ya India katika intaneti hukutana kwanza na matangazo ya kulipiwa, na mengi humpeleka kwenye tovuti za watu binafsi zenye rangi na nembo zinazofanana na za serikali. Nyingine ni za wafanyabiashara wanaotoza ada yao juu ya ile ya serikali. Nyingine ni za walaghai wanaotaka namba ya kadi na picha ya pasipoti. Anwani ya serikali ya India ni indianvisaonline.gov.in, na sehemu ya kutazamwa ni ule mwisho wa gov.in, kama vile tovuti za serikali yetu zinavyoishia kwa go.ke. Nimekwisha kuona familia iliyokuwa imelipa mara mbili, kwanza kwa tovuti isiyo ya serikali, kisha kwa ile ya haki, na fedha zile za kwanza zilikuwa za mchango wa watu waliojinyima. Andika anwani hiyo kwa mkono wako katika sehemu ya anwani iliyo juu ya ukurasa, usiitafute.

Pasipoti nayo itazamwe mapema kuliko yote. Kenya ilianza kutoa pasipoti za kielektroniki mwaka 2017, na zile za zamani zimeondolewa katika matumizi, kwa hivyo mzee aliyehifadhi pasipoti aliyokwenda nayo hija miaka ya nyuma hataweza kuitumia. Ile mpya huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kisha mwenyewe hufika afisi ya uhamiaji kutoa alama za vidole na kupigwa picha. India inataka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi tangu siku ya kufika, na kurasa mbili tupu. Mimi huwashauri watu wasiombe barua ya hospitali kabla ya kupata pasipoti, kwa kuwa hospitali nyingi huandika namba ya pasipoti ndani ya barua, na barua yenye namba iliyopitwa na wakati huanzisha mazungumzo mapya ya barua pepe wakati ambapo mgonjwa hana siku za kupoteza.

Sasa nije kwenye fomu, na nianze na jina, maana ndipo ninapoona matatizo mengi zaidi ya kwingine kote. Watu wa pwani hufuatanisha jina la mtu, la babake na la babu yake. Fomu ina sehemu mbili tu: moja ya jina la ukoo, nyingine ya majina ya mtu mwenyewe, na inataka yote yaandikwe kama yalivyo katika pasipoti. Pasipoti ya Kenya pia imeyagawa hivyo, lakini mgawanyo wake si lazima ulingane na vile mwenyewe anavyojitambulisha nyumbani au msikitini. Njia ya uhakika ni kutazama mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye picha, ile inayosomwa na mashine. Baada ya herufi KEN huja jina la ukoo, kisha alama mbili za mshale, kisha majina mengine. Mashine ya uwanja wa ndege wa Mumbai haitasoma kitu kingine isipokuwa mistari hiyo, kwa hivyo ndiyo iongoze mkono wa anayejaza.

Tahajia ni mtihani wa pili. Mohamed huandikwa kwa namna nyingi, na mama mmoja huweza kuwa Fatma katika kitambulisho, Fatuma katika pasipoti, na Fathima katika barua ya hospitali, kwa kuwa karani wa Chennai aliandika jina hilo kama linavyoandikwa kwao. Familia huona ni jambo dogo, maana kila mtu anajua ni mama yule yule. Afisa wa viza hamjui mama huyo. Anachokijua ni karatasi mbili zenye majina mawili. Hospitali za India zinazopokea wagonjwa wa nje zina idara maalumu ya wageni, na ukiwaandikia kwa adabu ukawatumia nakala ya pasipoti, kuirekebisha barua ni kazi ndogo kwao. Ifanywe kabla ya kuanza maombi, si baada ya maombi kukataliwa. Tarehe ya kuzaliwa nayo ifuate pasipoti, hata kama mzee anajua kwa hakika kwamba alizaliwa msimu mwingine na afisi ikamwandikia Januari mosi.

Sehemu ya wazazi ndiyo iliyonifanya nishike msimamo huu ninaoueleza. Fomu huuliza jina la baba na la mama, uraia wao, uraia waliokuwa nao awali, na mji na nchi walikozaliwa, hata kama wamekwisha kufariki. Mama yangu mdogo alipokuwa akiombewa viza kwa ajili ya maradhi ya moyo, alikuwa ameketi karibu nasi kwa sababu tu hapakuwa na mtu wa kubaki naye nyumbani. Kijana wetu aliyekuwa akichapa alifika sehemu hiyo akataka kuandika Mombasa kwa wazazi wote wawili ili yaishe. Nikamsomea mama mdogo swali lenyewe.

"Wazee wangu wamekufa zamani, mwanangu," akasema. "India yawahusu nini wao?"

Nikamweleza kwamba fomu yataka kujua asili ya mtu, na kwamba jibu ni lake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa: "Babangu hakuzaliwa Mombasa. Kazaliwa Mukalla, akaja na jahazi kijana. Na mamangu ni wa Siyu. Andika walikozaliwa."

Kijana akaandika. Mukalla ya siku za ujana wa yule mzee ilikuwa makao ya sultani wa Al-Qu'aiti chini ya ulinzi wa Waingereza, na nchi iitwayo Yemen kama tuijuavyo leo haikuwapo. Katika orodha ya fomu, hata hivyo, mji huo hauwezi kuwekwa ila chini ya Yemen, na ndivyo tulivyofanya. Kwa mtu aliye mbali, jambo hilo laweza kuonekana ni la kuwachosha wagonjwa bure. Mimi naliona kinyume. Mama huyo angefika mbele ya afisa wa uhamiaji akaulizwa babake alizaliwa wapi, angejibu Mukalla bila kusita, kwa kuwa ndio ukweli na hajui kusema mwingine, na karatasi yake ingekuwa inasema Mombasa. Nani angekuwa amemtia katika hali hiyo? Watu wanaompenda, kwa haraka yao.

Karibu na hapo kuna swali linaloigusa Mombasa kuliko miji mingine mingi ya Kenya. Fomu huuliza iwapo wazazi au mababu wa mwombaji, wa upande wa baba au wa mama, walikuwa raia wa Pakistani au wa eneo lililo chini ya Pakistani, na maelekezo ya serikali ya India yasema kwamba mtu mwenye asili ya Pakistani aombe viza ya kawaida katika afisi ya ubalozi, si hii ya kielektroniki. Sasa, mji wetu una Wabaluchi, ambao wazee wao walikuja kama askari wa masultani wa Oman na kukaa katika Ngome ya Yesu na mitaa ya jirani yake, na una familia za Waislamu wa Punjabi zilizokuja zama za reli. Wengi wa wazee hao walivuka bahari kabla ya Agosti 1947, mwezi ambao Pakistani ilizaliwa. Je, mjukuu wao ajibu ndiyo au la? Nimewaona vijana wa saiba wakilijibu swali hili kwa kubofya la bila kuinua macho, na hapo mimi hukasirika kweli, kwa sababu hilo si jibu la kubahatisha. Familia yenye historia hiyo ina bahati kwamba afisi ya Balozi Msaidizi iko mjini humu humu. Iende ikaulize, ieleze mzee wao alitoka wapi na lini, na iombe viza ya njia itakayoelekezwa. Viza ya kawaida huchukua muda zaidi na huhitaji pasipoti kuwasilishwa, lakini ni afadhali kungoja kuliko kukaa na jibu ambalo mtu hawezi kulitetea.

Maswali mengine ni mepesi iwapo mwenyewe yupo, na ni mazito iwapo hayupo. Alama ya kutambulika mwilini: ni nani ajuaye kovu la shangazi isipokuwa shangazi? Nchi ulizozuru katika miaka 10 iliyopita: pasipoti mpya haina mihuri ya pasipoti ya zamani, na anayejaza hajui kwamba mzee alikwenda Umra na kupitia Dubai. Iwapo mgonjwa aliwahi kwenda India, fomu itataka namba ya viza ile ya kwanza na mahali alipokaa, kwa hivyo pasipoti iliyokwisha muda isitupwe wala isiachiwe watoto wachezee.

Liko pia kundi la maswali ya mwisho, ya ndiyo na la, yanayouliza iwapo mtu aliwahi kukamatwa, kushtakiwa, kunyimwa ruhusa ya kuingia au kufukuzwa katika nchi yoyote. Hapa naomba tuwe na huruma na tuwe na busara. Pwani yetu imepeleka wanawake wengi kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, na baadhi yao walirudishwa kwa namna ambayo hawajapata kuwasimulia ndugu zao. Mwanamke wa namna hiyo akijaziwa fomu na kakake, jibu litakuwa la, kwa kuwa kakake hana habari. Akikaa mwenyewe mbele ya kompyuta, atalisoma swali, na kama kuna jambo, atajua kwamba limeulizwa. Ndiyo maana nikifika sehemu hiyo husimama, nikampa mwenye safari kiti na kipanya, nikamsomea kila swali kama hasomi, na jibu akalibofya kwa mkono wake mimi nikiwa nimetazama kando. Ikiwa jibu ni ndiyo, fomu hutoa nafasi ya kueleza, na maelezo mafupi ya kweli huandikika.

Kuhusu picha nitakuwa mfupi. Inatakiwa ya mraba, yenye mandhari meupe, uso wote uonekane tangu kidevuni hadi kwenye paji, bila miwani, na faili iwe ya JPEG isiyozidi megabaiti 1. Ukurasa wa pasipoti hupakiwa kama PDF isiyozidi kilobaiti 300. Hijabu haikatazwi maadamu uso hauna kivuli wala haukufunikwa. Nawashauri akina mama wavae ya rangi iliyokolea, kwa sababu hijabu nyeupe juu ya ukuta mweupe humfanya mtu aonekane kama hana kichwa chenye mwisho, na picha ya aina hiyo hurudishwa. Ukurasa wa pasipoti uskaniwe kwa mashine, usipigwe picha ya simu chini ya taa ya dukani, maana mng'ao wa taa hufuta namba. Barua ya hospitali ya India, yenye kichwa cha karatasi cha hospitali hiyo, nayo hupakiwa hapo hapo, na bila hiyo viza ya matibabu haiombwi.

Wapo wanaoshauri kwamba mgonjwa aombe viza ya utalii kwa kuwa haidai barua. Ushauri huo ni mbaya, nami nausema bila kuuzunguka. Anayekwenda kupasuliwa moyo si mtalii, na hospitali yenyewe ina wajibu wa kuwaarifu wakuu wa uhamiaji kuhusu wageni inaowalaza. Viza ya kielektroniki ya matibabu imetengenezwa kwa ajili yake: humruhusu kukaa siku 60 tangu siku anapoingia mara ya kwanza, na kuingia mara tatu, ili aweze kurudi kwa ukaguzi. Pamoja naye, watu wawili wa familia waweza kuomba viza ya kumsindikiza mgonjwa. Fomu za hao wasindikizaji huuliza habari za maombi ya mgonjwa, kwa hivyo ya mgonjwa hutangulia. Uamuzi wa nani aende ufanywe na familia kabla ya kufungua kompyuta. Nimekaa na watu waliokuwa wakibishana juu ya jambo hilo huku fomu ikiwa wazi mbele yetu, na mgonjwa akisikia jinsi kila mmoja alivyo na udhuru.

Malipo hufanywa kwa kadi ya benki, na asiyekuwa na akaunti ya benki aweza kutumia kadi pepe ya Visa inayopatikana ndani ya M-Pesa tangu mwaka 2022. Kiasi kinachotozwa huonyeshwa na tovuti yenyewe kulingana na uraia na aina ya viza, pamoja na ada ya benki, na fedha hizo hazirudishwi hata maombi yakikataliwa. Sina ubaya na mtu wa saiba au wakala kulipwa jasho lake. Ninachodai ni kwamba malipo ya serikali na malipo ya kazi yasemwe mbalimbali, na mteja aone risiti ya yale ya serikali.

Barua pepe itakayoandikwa iwe ya msafiri au ya mtoto wake anayeishi naye, wala isiwe ya wakala. Ikitokea afisa wa India akataka picha iliyo wazi zaidi au barua nyingine, ujumbe huenda kwenye anwani hiyo, na wakala mwenye wateja wengi aweza kuuona baada ya siku kadhaa. Ujumbe wa kwanza kufika husema tu kwamba maombi na malipo yamepokelewa, nao umewapotosha wengi wakadhani ndio viza. Hali ya maombi hutazamwa katika tovuti ile ile kwa namba ya maombi na namba ya pasipoti, na hakuna tiketi ya kukatwa kabla haijasomeka kwamba yamekubaliwa. Serikali ya India yataka maombi yawasilishwe si chini ya siku 4 kabla ya kufika. Mimi siwezi kumshauri mtu yeyote angojee hadi hapo, kwa sababu sikukuu na mwisho wa wiki havisubiri ugonjwa.

Viza ikishapatikana, ichapishwe, na nakala moja ikae na mgonjwa na nyingine na msindikizaji. Hati hiyo hutumika kuingilia katika viwanja vya ndege na vituo vingine maalumu vilivyotajwa katika tovuti tu, ingawa kutoka nchini kunaruhusiwa kupitia kituo chochote cha uhamiaji, kwa hivyo ratiba ya ndege, iwe inapitia Nairobi au Addis Ababa, ilinganishwe na orodha hiyo. Alama za vidole huchukuliwa huko huko wanapofika, na neno la mwisho la kuingia ni la afisa aliye pale.

Kuna hati moja ambayo haimo katika fomu na ambayo imewakwamisha watu waliokuwa na viza safi mkononi, nayo ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. India humtaka msafiri anayetoka Kenya awe nayo, na chanjo huhesabiwa kuwa imeshika baada ya siku 10. Asiye nayo aweza kuwekwa karantini hadi siku 6 kabla ya kuruhusiwa kuingia, na hebu fikiria mgonjwa wa figo akizipitisha siku hizo mbali na mashine yake ya kusafishia damu. Tangu Julai 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote ya mtu, hivyo aliyechanjwa zamani na kadi anayo hana haja ya kurudia. Wazee sana na wenye magonjwa yanayodhoofisha kinga waongee na daktari kabla ya kuchanjwa, kwa sababu chanjo hii haiwafai wote, na iwapo daktari ataizuia, aandike cheti rasmi cha kueleza hivyo.

Matibabu yakirefuka kupita zile siku 60, maombi ya kuongezewa muda hufanywa kwa mtandao vilevile, kwa afisi za India zinazosimamia wageni, mgonjwa akiwa bado yuko huko. Huko hana mpwa wala kijana wa saiba. Atahitaji namba yake ya maombi, nenosiri la barua pepe yake, nakala ya alichokijaza mwanzoni na barua mpya ya daktari, na majibu atakayoyatoa lazima yaafikiane na yale ya Mombasa. Ndiyo sababu nyingine ya kunifanya nimwambie kila ninayemsaidia kwamba asiondoke bila kuchapisha fomu yote iliyojazwa, si ile hati ya viza pekee.

Nina ombi kwa wenye saiba wa mji huu, ambao najua wanafanya kazi ya maana na kwa malipo madogo. Wekeni kiti cha pili, na geuzeni skrini iwaelekee wote wawili. Msomeeni mteja maswali kwa Kiswahili, na mkifika kwenye swali msilolielewa, msilijibu. Kazi ikimalizika, futeni mbele yake picha ya pasipoti, barua ya hospitali na fomu iliyobaki katika kompyuta na katika simu, pamoja na nakala zilizotumwa kwa WhatsApp. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inayahesabu maelezo ya afya kuwa ni siri ya mtu inayostahili ulinzi wa juu zaidi, na mgonjwa anayesafiri na ugonjwa wake hapaswi kuuacha dukani kwenu ukisomwa na mteja atakayekalia kiti baada yake.